Gari kuukuu limenirudisha shuleni

Kila Jumamosi asubuhi, majirani zangu wanaponiona nimevaa ovaroli iliyolowa mafuta, hunitazama kwa jicho la huruma. Wanajua kwamba kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Wanajua pia kwamba nyuma ya nyumba yangu, chini ya paa la mabati nililolisimamisha kwa minajili hiyo, limo gari aina ya Peugeot 504 lililokuwa la marehemu baba, na kwamba huu ni mwaka wa tatu nikilifungua, nikilikwangua kutu na kulifunga tena. Hivi majuzi jirani mmoja aliniuliza kwa adabu zake zote, "Daktari, kwani mshahara hautoshi ukamlipa fundi akakufanyia?" Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa moyoni. Makala haya ni jibu langu kwake. Ningependa walimu na wanafunzi walisikie pia, kwa kuwa linawahusu wao zaidi ya linavyomhusu yeye.

Kwanza nilitambulishe gari lenyewe kwa vijana ambao hawakuliwahi. Peugeot 504 ilitokea Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Hapa Kenya ilijipatia sifa kwa jasho lake. Mwaka 1975 Ove Andersson aliliendesha gari la aina hiyo akashinda Safari Rally, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya umbo jingine. Baadhi ya magari hayo yaliunganishwa papa hapa nchini, mjini Mombasa. Lile lenye safu tatu za viti liligeuka kuwa chombo cha abiria wa safari ndefu, na umma ukalibatiza jina la Pijo. Jina hilo halikubaki kuwa la kiwanda. Lilikuwa la safari yenyewe. Mtu aliposema, "Kesho napanda Pijo," msikilizaji alielewa mbio, msongamano na vumbi pasipo kuelezwa zaidi.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Wundanyi, alilinunua lake mwaka 1984 likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, na mahali pangu palikuwa safu ya tatu, miguu ikining'inia, magunia ya viazi yakinibana kushoto na kulia. Gari hilo halikuwa letu peke yetu. Usiku wa manane milio ya kubisha hodi ilipokuja, ilikuwa ni mgonjwa wa kupelekwa Voi au mja mzito aliyezidiwa. Watoto 2 wa kijiji chetu walizaliwa ndani yake kabla ya kufika Mwatate. Mwishowe injini ilichoka, spea zikawa ghali, na baba akaliegesha chini ya mwembe. Lilikaa pale hata baada ya yeye kuiaga dunia, kuku wakitaga katika safu yangu ya tatu, mpaka nilipolipakia katika lori nikalileta Nairobi.

Mzozo ulianza siku ile ile lilipoteremshwa. Mpwa wangu, kijana anayesomea uhandisi wa mitambo, alilizunguka mara mbili kisha akanipa shauri. "Mjomba," akasema, "injini hii itupe. Tuweke ya Toyota, tufunge rimu pana, tulishushe chini kidogo. Utakuwa na gari la kale lenye moyo mpya." Shauri lake halikuwa la kipuuzi. Magari mengi ya aina hii ambayo bado yanabeba mizigo mashambani yanatembea kwa injini za Kijapani, na wenyewe wana haki ya kufanya hivyo maadamu gari ndilo linalowalisha, na maadamu badiliko la injini limesajiliwa ipasavyo. Lakini mimi sikuwa nimelileta gari lile ili linilishe. Nilitaka kulirejesha. Na hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kulirejesha ni kufanya nini hasa?

Mwanaisimu akikwama hukimbilia maneno. Kiswahili kinatupa kitenzi kimoja cha ajabu, nacho ni "tengeneza". Seremala anayeunda kiti kipya anatengeneza kiti. Na yule anayerudishia mguu kiti kilichovunjika, naye anatengeneza kiti. Ziko lugha ambazo hutenga kazi hizi mbili kwa vitenzi viwili vilivyo mbali, kana kwamba anayeunda ni mtu wa daraja la juu na anayerekebisha ni mtumishi wake. Lugha yetu haikuona haja ya kumbagua mmoja na mwenzake. Waama, ukiwahi kulifungua gari hadi ukaona mifupa yake, utaona kwamba lugha ilikuwa na busara. Huwezi kukirekebisha kitu pasipo kukiunda upya akilini mwako. Aidha, huwezi kukibadilisha usichokijua. Mpwa wangu alitaka kugeuza, mimi nilitaka kurejesha, na sote wawili hatukujua tulichokuwa tukizozania.

Aliyejua ni mzee mmoja. Nilimpata kwa kuulizaulia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado twaiita Grogan. Umri wake umepita miaka 70, na mikono yake imezishughulikia Peugeot tangu alipokuwa kijana wa kuosha vipuri kwa petroli. Hana cheti. Hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu kazi yake. Tulipatana kwamba angekuja kwangu siku 2 kwa wiki, anielekeze, na mimi nifanye kwa mikono yangu. Alikubali kwa sharti moja. "Mwalimu," aliniambia, "hapa usinifundishe."

Tulianza na bodi. Niliagizwa kupiga picha kila kitu kabla ya kukitoa, kutia nati na bolti za kila sehemu katika mfuko wake, na kuandika juu ya mfuko zilikotoka. Niliagizwa pia nisithubutu kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame chini ya stendi za chuma zilizo imara, kwa sababu jeki ikiteleza hakuna atakayesimulia. Kisha tukashika mswaki wa waya na msasa. Hapo chini ya rangi nikakutana na yale ambayo fundi fulani wa zamani, Mungu amsamehe, alikuwa amemficha baba. Kizingiti cha mlango kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikawa uwazi, naye akaujaza uwazi huo kwa magazeti, akapaka pati juu, akalainisha, akapiga rangi, akalipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu alikuwa ameuziba ufa kwa karatasi. Dawa ya kutu ni moja tu: kukata mpaka ufikie chuma kisafi, kuchomelea kipande kipya, kukisawazisha, kisha kukipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Hilo lilitumaliza miezi 5.

Baada ya bodi tukaingia injini, na hapo ndipo shahada yangu ya uzamifu ilipoumbuliwa. Tulikuwa tumekwisha kuitoa hedi, yaani kichwa cha injini. Ijumaa jioni mzee alinipigia simu kunionya kuhusu kazi ya kesho yake, kwa kuwa hangekuwapo. Alisema, "Mwalimu, kabla hujazungusha krenki, usisahau kufunga slivu." Nikamhakikishia kwamba sitasahau. Nilijua "slivu" ni nini, kwani si ni mikono ya shati? Niliona hekima ya mzee: mtu asiingie katika mtambo unaozunguka huku mikono ya shati ikipeperuka. Jumamosi asubuhi nilifunga vifungo vya shati barabara hadi kwenye vifundo vya mikono. Ndipo nikazungusha krenki, mara tatu, mara nne, nikitazama pistoni zikipanda na kushuka kwa madaha.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kosa lenyewe, kwa maana ndani yake limo jambo zima ninalotaka kulisema. Katika injini nyingi silinda huchongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Katika injini ya petroli ya gari hili la 504 sivyo. Kila silinda ni bomba la chuma linalojitegemea, lililotumbukizwa ndani ya bloku, na maji ya kupozea injini hulizunguka. Chini ya kila bomba upo mviringo mwembamba unaozuia maji yasipenye yakaingia kwenye oili. Kinachoyakalisha mabomba hayo mahali pake ni ile hedi iliyokazwa juu yake. Ukiitoa hedi kisha ukazungusha krenki, pistoni zinapopanda huyavuta mabomba yakainuka, hata kama ni kwa unene wa ukucha, na ile mihuri ya chini huharibika. Kwa hiyo fundi mzoefu huyabana kwanza kwa bolti na washa pana. Mabomba hayo katika gereji zetu huitwa slivu. Nami niliyefunga shati sikuwa nimefunga slivu hata moja.

Tulipokwisha kuifunga injini tukatia oili na maji, tukaiacha ilale. Asubuhi nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikaona kiwango kimepanda juu ya alama. Oili haizaani usiku. Mzee alifungua nati ya chini ya sampu, na kilichotangulia kutoka hakikuwa oili bali maji matupu. Lau tungeiwasha injini ile na kuiendesha, maji na oili vingechanganyika na beringi zingeteketea. Mzee alinitazama. "Slivu ulizifunga?" Nikamwonyesha mikono ya shati. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Mimi sikucheka siku hiyo. Ilibidi injini ifunguliwe upya, mihuri yote ibadilishwe, na mwezi mzima ukapotea.

Niliporudi ofisini nilizipekua kamusi zilizo rafuni mwangu kulitafuta neno "slivu" kwa maana ile ya injini, nikalikosa. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiwafundisha vijana jinsi lugha inavyotohoa maneno na jinsi neno moja linavyobeba maana mbili. Nimesahihisha mitihani isiyo na idadi kuhusu mada hiyo. Na bado neno lenye maana mbili, lililotamkwa kwa Kiswahili fasaha cha fundi wa Nairobi, lilinipita likaniharibia injini. Mzee hakukosea. Alinieleza kwa neno mahususi la kazi yake, kama vile daktari anavyotaja kiungo cha mwili. Asiyejua lugha nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kubeba daftari. Nilichokuta katika vinywa vya mafundi si takataka ya Kiingereza kilichovunjika, kama tunavyozoea kusema kwa dharau. Ni mfumo wenye kanuni zake. Yako maneno yaliyotoholewa: kabureta, rejeta, gasketi, pistoni, klachi, beringi. Yote yamepewa irabu za mwisho na ngeli kwa utaratibu ule ule uliotuzalia "meza" na "parafujo" kutoka Kireno, "usukani" kutoka Kiarabu, "gari" kutoka lugha za Kihindi na "shule" kutoka Kijerumani. Hakuna mwalimu anayeona haya kuandika "shule" ubaoni. Yako pia maneno ya asili yaliyopanuliwa maana. Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mmea wenye majani makavu ya kukwaruza ambao mafundi wa zamani waliutumia kulainishia mbao. Tena iko misemo iliyozaliwa gerejini ambayo hakuna kamati iliyoitunga. Injini "hushushwa". Gari "hula oili" au "hula tairi". Breki zikilegea kwa sababu ya hewa iliyoingia katika mabomba, fundi "hutoa upepo". Hebu mwalimu wa Kiswahili ajaribu kueleza jambo hilo la mwisho kwa maneno machache na mazuri kuliko hayo.

Tena si maneno tu. Ndani ya maneno hayo imo elimu. Mzee alipotamka "funga slivu" alikuwa amefupisha somo zima la jinsi injini ile ilivyoundwa na jinsi inavyoharibika. Neno likifa, somo nalo hufa. Wanagenzi wake wa leo ni hodari wa kuchomeka kompyuta katika magari mapya na kusoma alama za hitilafu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini hawaijui kabureta, na hawana haja ya kuijua. Mzee hana wa kumwachia.

Narudi kwenye mzozo wangu na mpwa wangu, kwa sababu ulitatuliwa na mzee, na ulitatuliwa kwa ujuzi wala si kwa maoni. Nilidhani kurejesha ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Mzee alinionyesha kwamba haiwezekani. Mafuta yenyewe si yale. Petroli ya enzi za baba ilitiwa risasi, ambayo katika magari mengi ya zamani ilisaidia pia kulinda viti vya valvu visiliwe. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondoka katika vituo vyetu, kwa heri ya watoto wetu, kwa kuwa risasi ni sumu ya ubongo. Hivyo gari la mwaka 1984 haliwezi kuishi katika dunia ya mwaka 1984. Lazima likubaliane na dunia ya sasa. Suala si kama tutabadilisha au la, bali ni kipi, kwa nini, na kwa namna gani.

Tukajiwekea kanuni tatu. Ya kwanza: linalogusa uhai hubadilishwa bila mjadala. Mabomba ya breki na mipira yake yote ni mipya, na safu zote tatu sasa zina mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye vyuma vilivyoimarishwa. Mimi na ndugu zangu tulisafiri miaka yetu yote ya utoto bila mikanda. Wakenya wengi tulianza kuujali mkanda mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki kuhusu magari ya abiria zilipoanza kutekelezwa. Sioni fahari yoyote ya kuuenzi upungufu ule kwa jina la asili.

Kanuni ya pili: linalobadilishwa kwa ajili ya wepesi tu libadilishwe kwa namna inayoweza kutenguliwa. Tuliondoa pointi za kuwashia cheche, ambazo huchakaa na kutaka kupimwa mwanya kila mara, tukaweka kifaa cha elektroniki ndani ya disitributa ile ile. Hatukutoboa tundu hata moja. Pointi za zamani zimo katika mkebe ndani ya buti, na anayetaka kuzirudisha atazirudisha kwa nusu saa. Kanuni hii si uvumbuzi wetu. Wahifadhi wa majengo ya kale walikwisha kukubaliana katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kwamba kipande kipya kisijifanye cha kale, na kwamba kazi ya kurejesha ikome pale ubunifu wa kukisia unapoanza. Mzee hakuwahi kuusikia mkataba huo, lakini alipokuwa akinionya dhidi ya kutoboatoboa bodi ya gari la mtu, alikuwa akisema jambo lililo jirani nao.

Kanuni ya tatu: linalobeba kumbukumbu hubaki. Injini ni ile ile, kwa sababu baba aliijua sauti yake. Safu ya tatu ya viti imebaki pia, ijapokuwa mpwa wangu alitaka ing'olewe ili apate nafasi ya spika. Siku moja alikuja mwanamke kutoka kijijini kwetu, sasa ni mama wa watoto wawili, akaomba akae katika safu ile kwa dakika chache. Ni mmoja wa wale waliozaliwa humo. Mpwa wangu alimfungulia mlango mwenyewe, na suala la spika halikutajwa tena.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya mtu mwenye mshahara. Sitawapinga kuhusu gari. Fedha nilizozitia humo zingeninunulia gari dogo lililotumika, na sitamshauri mwalimu yeyote mwenye karo za watoto mgongoni anifuate. Lakini somo lenyewe si anasa. Laweza kupatikana katika baiskeli, cherehani, jiko la makaa au pampu ya maji ya shule. Tena historia yetu inaonyesha kwamba karakana ndogo yaweza kuzaa makubwa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikulia katika ufundi wa gereji ya baba yake jijini Nairobi. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni. Wakashinda. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Aliyejua kulifungua gari na kulifunga ndiye aliyejua pia kulifikisha.

Basi shule zetu zinaingiaje hapa? Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwatazamisha wasomi wa ulimwengu kwamba wafanyakazi wasiosajiliwa, wale tuliokuja kuwaita jua kali, walikuwa nguzo ya uchumi. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuja na ahadi ya kumfunza mtoto kazi za mikono. Wengi tuliosoma katika mfumo huo tunakumbuka jinsi ahadi ile ilivyokosa vifaa, karakana na walimu, mpaka masomo hayo yakapunguzwa. Sasa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetoa ahadi inayofanana na ile. Shule nyingi zinangoja karakana zijengwe na mashine ziletwe. Nami nauliza: kwani karakana haziko? Ni mji gani nchini usio na gereji chini ya mti, hatua chache kutoka lango la shule?

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Mosi, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa masomo ya ufundi washirikiane, muhula mmoja kwa mwaka, kuwapeleka wanafunzi kwa fundi aliye karibu wakiwa na madaftari. Wanafunzi waandike kila neno la kazi, sentensi lilimotumika, na maelezo ya fundi mwenyewe kuhusu maana yake. Huo utakuwa utafiti halisi, wala si zoezi la kujaza mapengo. Pili, vyuo vikuu vyetu viwatambue mafundi wazee kuwa vyanzo vya elimu, viwarekodi na viwalipe kwa muda wao, kama tunavyomlipa mhadhiri mgeni. Tatu, sisi watunga istilahi tuache mazoea ya kuketi ofisini tukibuni majina ya vitu ambavyo vina majina tayari. Kabla ya kubuni, tuulize.

Najua kuna mwalimu atakayenung'unika kwamba maneno ya gereji yatachafua Kiswahili sanifu katika insha. Namwelewa, kwa sababu nami niliwahi kunung'unika hivyo. Lakini usanifu wa lugha ni sawa na ule ukarabati niliousimulia. Si kila kilichoko barabarani kitaingia kamusini, na wala si kila kilichoko kamusini kitafaa barabarani. Yapo maneno ya kubakiza, ya kurekebisha na ya kuacha. Ila huwezi kufanya uteuzi huo ukiwa hujafungua boneti. Isitoshe, neno "fundi" lenyewe lina undugu na kitenzi "funda", na humo ndimo walimo "mwanafunzi", "mafunzo" na "kufundisha". Lugha yetu ilikwisha kumweka fundi na mwalimu katika ukoo mmoja. Ni sisi tuliowatenganisha, mmoja tukamtundikia cheti ukutani, mwingine tukamwacha juani.

Wiki mbili zilizopita injini iliwaka. Mzee alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza kwa muda mrefu. Macho yake yamefifia siku hizi, na skrubu ndogo ile huipata kwa kupapasa. Akaizungusha robo mzunguko, akanipa mpira. "Sikiliza, Mwalimu." Sikusikia ila kelele. Akairudisha skrubu nilikoikuta, nikasikiliza. Akaizungusha tena, nikasikiliza. Mara ya nne nikaisikia tofauti: mvumo uliokuwa ukisitasita ukatulia ukawa mmoja. Nikamwuliza jina la sauti ile. Akafikiri, akaniambia. Nimeliandika katika daftari langu la pili, pamoja na tarehe, na chini yake nimeacha mistari kadhaa mitupu, kwa sababu Jumamosi ijayo mzee anakuja tena, na nimemwomba mwalimu wa shule iliyo jirani alete wanafunzi wake 6 na madaftari yao.